Ile Video ya Staa na Sarafu ya Bibi: Tuongee Ukweli Kabla Hamjapigwa

Wadau, wiki hii DM yangu haijapumua. Chanzo ni ile video ambayo najua nusu yenu mmeshaisambaza kwenye magrupu ya familia. Dada mmoja wa Bongo Movie (jina kapuni, sitaki kuitwa na wanasheria wake) amekaa kwenye kochi jeupe, kucha ndefu, kashika sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mama mnene aliyejaliwa kifua. Anasema kairithi kwa bibi yake, ina miaka zaidi ya 240, na kuna mzungu kashamuahidi milioni 300. Anamalizia kwa kuwaangalia kwenye kamera: "Nyie endeleeni kudharau vitu vya wazee."

Watu wakachanganyikiwa. "Bibi yangu Pangani anazo kopo zima!" "Mimi niliichezea bao hii nikiwa mdogo, Mungu wangu!" Mwingine kaandika anapanda basi la Lindi kesho yake asubuhi. Na mimi nikaanza kupokea picha: sarafu zimewekwa kwenye kiganja, kwenye kanga, kwenye sahani ya udongo, na swali ni lile lile, "Hii sh ngapi?"

Sasa kutafuta kiki si kosa, ndio kazi ya mjini. Ila hii kiki ina watu wanalia nyuma yake, kwa hiyo leo nimeamua kuandika kirefu. Na humo humo niwaambie jinsi watu wanavyoanza kweli huu mchezo wa kukusanya sarafu, maana ni mchezo mtamu kuliko mnavyodhani, na hauhitaji milioni 300.

Tuanze na yule mama mnene. Anaitwa Maria Theresa, alikuwa mtawala wa Austria, na kafariki mwaka 1780. Pwani yetu sarafu yake iliitwa reale. Wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na pwani ya Afrika Mashariki waliipenda kiasi kwamba walikuwa hawataki nyingine; wamezoea sura, wamezoea uzito (karibu gramu 28), wanajua fedha iliyomo ni ya kweli. Kwa hiyo mama alipokufa, mafundi hawakubadilisha kitu. Wakaendelea kuigonga ile ile, na mwaka ule ule wa 1780 juu yake. Imegongwa Vienna, Roma, London, Paris, Brussels, Birmingham, hadi Bombay, tena mpaka karne ya 20. Kiwanda cha sarafu cha Austria bado kinauza mpya.

Kwa hiyo kusema "imeandikwa 1780 kwa hiyo ina miaka 240" ni sawa na kusema kila aliyevaa jezi namba 10 ni Pele. Ya bibi yake staa inaweza kuwa ya zamani kweli, inaweza pia kuwa ya miaka ambayo bibi mwenyewe alikuwa binti. Kuna wataalamu wanaotofautisha kwa vitu vidogo sana, nukta za kwenye broshi ya begani, manyoya ya tai wa nyuma. Lakini za kawaida bei yake inaenda na bei ya madini ya fedha, na kidogo juu yake. Hiyo milioni 300, labda auze na kochi. Na nyumba iliyobeba kochi.

Na wala si reale peke yake inayodanganya umri. Wapo walionitumia ile ya shaba ya Zanzibar yenye picha ya mizani. Wanasoma tarakimu za Kiarabu, wanapata 1299, wanapiga hesabu: miaka zaidi ya 700! Jamani, hiyo ni 1299 ya Hijria. Ni mwaka 1882, enzi za Sayyid Barghash bin Said. Ni sarafu nzuri, ina historia, mimi naipenda sana, ila ziligongwa nyingi mno na ndio maana mpaka leo zinaokotwa kwenye makopo ya watu.

Sasa huzuni ilipo. Kijana mmoja wa bodaboda, msomaji wetu, kaniandikia usiku. Baada ya ile video kasogelewa na mtu kijiweni, mzee wa heshima, kanzu safi, ana "rupia ya Mjerumani" anauza laki 8 kwa sababu ana mgonjwa hospitali. Kijana kasita. Nusu saa baadaye kapita jamaa mwingine na gari, kaulizia hapo hapo kijiweni kama kuna mtu ana rupia, ananunua milioni 15, kaacha na namba ya simu. Unajua mwisho wake. Kijana kakopa, kaongezea hela ya marejesho ya pikipiki, kamlipa mzee. Ile namba ya mwenye gari haijapatikana mpaka leo, na ile "rupia" nilipoomba anitumie picha ya karibu, herufi zimevimba kama andazi, kwa macho yangu ni ya kumimina kwenye udongo. Pikipiki imechukuliwa. Ana mtoto wa miezi mitano.

Mchezo huu wa watu wawili ni wa zamani kuliko sisi wote, bidhaa tu ndiyo inabadilika. Kuna wakati ilikuwa zebaki nyekundu kwenye redio za zamani. India wana wa kwao wa miaka mingi, wanadai sarafu fulani ya shaba ukiisogeza karibu na mchele punje zinaifuata. Toleo lililoingia kwenye DM yangu wiki hii ni "ada ya ukaguzi": unatuma picha, wanakuambia hongera yako ina thamani ya milioni 80, tuma elfu 50 tuipime kwa mashine. Ukituma wanasema mashine imekubali, sasa tuma laki 2 ya kibali. Mpaka uchoke.

Yule dada sijamtuhumu kwamba yuko nao, naomba mnielewe vizuri. Lakini ukiwa na wafuasi wengi kiasi kile na ukarusha namba hewani bila kuuliza mtu anayejua, kuna watu wanaitumia namba yako kama kibali. Na akiambiwa asahihishe anajibu kwa emoji za kucheka. Hapo ndipo aliponiudhi.

Haya, tuje kwenye upande mtamu.

Kuna prodyuza mmoja hapa mjini, midundo yake mmecheza kwenye harusi zote za mwaka huu, jina kapuni vilevile kwa sababu hapendi watu wajue anaweka nini nyumbani. Yule bwana ana sarafu za Afrika Mashariki zimepangwa kwenye albamu kama wengine wanavyopanga raba. Nilipomuuliza alianzaje, nilitegemea atasema alirithi au aliona mnada. Kumbe hapana. Alikuwa kidato cha pili, anakaa dukani kwa mjomba wake, mteja akamchanganyia kwenye chenji senti ya zamani yenye tundu katikati. Mjomba kakasirika, kampa, "Chukua ushenzi wako huu, umepigwa." Yeye kaigeuza kaona jina: EDWARDVS VIII, na mwaka 1936.

Akaenda kumuuliza mwalimu wa historia, Edward wa nane ni nani? Na hapo ndipo alipokwisha.

Maana Edward wa nane, wadau, ni udaku wa karne. Kawa mfalme wa Uingereza Januari 1936. Anampenda mama mmoja wa Kimarekani, Wallis Simpson, mwenye ndoa ya pili na talaka moja tayari, na ya pili iko njiani. Serikali inasema haiwezekani, kanisa linasema haiwezekani. Jamaa kafikiria, kafikiria, mwezi wa Desemba mwaka huo huo kaachia kiti cha ufalme akamfuata mwanamke. Hata kutawazwa rasmi hakutawazwa. Uingereza kwenyewe sarafu zenye sura yake hazikuingia mtaani kwa matumizi ya kawaida. Lakini huku kwetu makoloni yalikuwa yanatumia senti za tundu, na sarafu yenye tundu haina nafasi ya sura ya mtu, ina jina tu. Hakuna haja ya kusubiri mfalme akae apigwe picha. Kwa hiyo senti 5 na senti 10 za Afrika Mashariki za 1936 zikatoka na jina lake, zikasambaa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, mabibi wakazifunga kwenye pindo la kanga wakanunulia chumvi.

Fikiria hilo. Mfalme ambaye watu wa London hawakuwahi kumpata kwenye chenji, sisi tulimpata dukani kwa mangi. Na kwa sababu zilitolewa nyingi, mpaka leo unaipata kwa hela ya chipsi mayai, wakati mwingine na soda inabaki. Yule prodyuza anazo pesa za kununua dhahabu, lakini akikuonyesha albamu anaanza na hiyo, tena ile ile aliyopewa na mjomba.

Mnaona tofauti? Staa wetu kaanza na "sh ngapi". Huyu kaanza na "nani huyu". Simsemi vibaya anayeanza na bei, wengi siku hizi wanaanza hivyo kwa sababu TikTok ndivyo inavyowafundisha, na wengine wananogewa wanabaki. Lakini anayeanza na bei peke yake ndiye chakula cha yule mzee wa kanzu, kwa sababu hana kitu kingine cha kumlinda. Hajui sarafu, anajua namba aliyoisikia.

Wengine walioniambia walivyoanza: mtangazaji mmoja wa redio alikuwa anarudi safari na vichenji vya viwanja vya ndege ambavyo hakuna duka la kubadilisha linalovitaka, akavitupia kwenye chupa ya maji, chupa ikajaa akaanza kuvipanga kwa nchi. Dada mmoja mwanamitindo anakusanya za mwaka aliozaliwa tu, nchi yoyote, na wivu ninao kwa sababu wazo ni rahisi na zuri. Na wapo wengi tu wa kopo la bibi, kopo la Kimbo au la maziwa, juu ya kabati, ndani kuna vifungo, sindano, hirizi ya mtu, na sarafu kumi na tano.

Kama unalo kopo hilo nyumbani kwenu, tulia. Usiende kariakoo nalo leo. Kaa na bibi kwanza, muulize "Bibi, hii mliiitaje?" Maana wazee walikuwa na majina ya sarafu ambayo sisi tumebaki nayo kwenye misemo bila kujua tunasema nini. Mtu anasema "sina hata thumuni", thumuni ilikuwa senti 50. "Sina hata ndururu", ndururu ni senti 5. Peni ni senti 10. Dala ilikuwa shilingi tano, na ndiyo iliyotoa jina la daladala, kwa sababu makonda wa enzi hizo walikuwa wanaita abiria kwa nauli, dala! dala! Sasa hivi unapanda daladala kila siku na dala hujawahi kuiona.

Na "hela" je? Hili likiwashinda wengi kwenye meza huwa nafurahi sana. Wajerumani mwaka 1904 walibadilisha sarafu zao za hapa, rupia moja ikawa sawa na heller 100. Heller hiyo ndiyo hela. Kabla yake, kampuni yao iliyokuwa inaendesha koloni ilitoa kuanzia 1890 sarafu ya shaba iliyoitwa pesa, 64 kwa rupia moja, upande mmoja tai wa Kijerumani, upande wa pili maandishi ya Kiarabu. Neno pesa lenyewe tulikuwa nalo kutoka India. Kwa hiyo kila ukiomba hela kwa mzee wako unaongea Kijerumani, na ukiomba pesa unaongea Kihindi, na vyote anakunyima kwa Kiswahili.

Heller moja ya shaba ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu wa kipato chetu. Ziligongwa kwa mamilioni, bei yake ni ya chakula cha mchana cha kawaida tu. Angalia vizuri utaona herufi ndogo, A ni Berlin, J ni Hamburg. Ukishajua hilo unaanza kuzitafuta mbili mbili, mwaka huu na A, mwaka huu na J, na hapo umeshanaswa, hongera.

Sasa najua mnachosubiri. "Mbona hujagusa dhahabu?" Haya.

Ipo. Ni ya Tabora. Vita vya kwanza vya dunia vilipofika huku, meli za Waingereza zikafunga bahari, Wajerumani wakakosa hela ya kuwalipa askari na watu wao. Mwaka 1916 wakaanza kugonga wenyewe kwenye karakana ya reli Tabora. Wakatoa heller 20 za shaba na za shaba njano, nyingine chuma chake kilitokana na maganda ya mizinga, mbaya mbaya hivi, herufi zimekaa kombo. Halafu wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke wakatoa sarafu ya rupia 15: upande mmoja tai, upande mwingine tembo kainua mkonga na mlima nyuma yake. Zilitoka kama elfu 16 hivi. Septemba mwaka huo Wabelgiji wakaingia na majeshi yao kutoka Kongo, Tabora ikaanguka, basi.

Hiyo ndiyo sarafu maarufu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kwenye ardhi hii, na ya dhahabu juu. Minadani Ulaya inauzwa dola elfu kadhaa. Elfu kadhaa, wadau. Ni hela nzuri, unanunua pikipiki mbili tatu. Lakini kama tembo wa dhahabu wa Tabora hafiki milioni 300, hata milioni 30 za kitanzania kwa kawaida hafiki, huyo mzungu wa staa wetu ananunua reale ya milioni 300 ili aifanyie nini? Na kwa vile tembo huyo anapendwa, feki zake zimejaa, zimepakwa rangi ya dhahabu, utauziwa Stone Town utauziwa Arusha na hata mtandaoni. Ukiwekewa mezani, mizani kwanza. Halisi ina gramu 7 na kidogo. Hana mizani? Ondoka.

Nisije nikaonekana nasema hakuna sarafu ya mabilioni duniani. Zipo. Ile ya Marekani ya dola 20 ya mwaka 1933 iliuzwa New York mwaka 2021 kwa dola milioni 18.9. Aliyekuwa anaiuza ni Stuart Weitzman, yule wa viatu ambavyo mastaa wetu wanapiga navyo picha, alikuwa na ndoto za kumiliki vitu vya namna hiyo tangu utotoni. Na kabla haijafika huko iliaminika kupitia kwa Mfalme Farouk wa Misri, ambaye alikuwa anakusanya kila kitu kinachong'aa mpaka wanajeshi walipompindua mwaka 1952, na mali zake zikapigwa mnada Cairo. Lakini kilichoipa bei ni kwamba ziligongwa zaidi ya 445,000, serikali ikaamua zisitoke, ikaziyeyusha karibu zote, na hiyo moja ndiyo pekee inayoruhusiwa kisheria kumilikiwa na mtu binafsi. Umri wake haujafika hata miaka 100. Wakati huo huo sarafu ndogo za shaba za Warumi za karne ya 4, zenye miaka zaidi ya 1,600, zinauzwa kwa bei ya viatu vya mtumba. Kwa hiyo mtu akikuanzia na "ni ya zamani sana hii", mjibu, zimebaki ngapi na nani anazitaka?

Jambo lingine lililoniumiza kwenye zile picha mlizonitumia: mmezisugua! Mtu kaona video, kakimbia jikoni, kachukua limao na majivu, mwingine stilwaya ya kusugulia sufuria, mwingine dawa ya meno. Inang'aa kama kijiko kipya. Jamani, ule weusi na ukijani wa zamani ndio unaotazamwa na mnunuzi wa kweli, ndio cheti chake cha kuzaliwa. Ukisugua unaacha mikwaruzo ambayo kwenye kioo cha kukuzia inaonekana kama barabara za Ubungo, na thamani inaporomoka hapo hapo. Iache ilivyo. Ishike kwa ukingo, iweke kwenye bahasha ndogo ya karatasi, sehemu kavu. Kwa hali ya hewa ya Dar na Zanzibar, ukavu ndio kazi kubwa, vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye viatu vipya msivitupe, vinafaa hapa.

Na sonara. Hili wala silaumu, watu wana njaa, lakini kwa miaka mingi pwani rupia na reale za fedha zimekuwa zikiyeyushwa kuwa bangili na pete. Nyingi za bibi zetu zimeishia huko. Hizo zilizobaki kwenye kopo ni zile zilizoponea.

Ya mwisho kwenye tahadhari, nitaipitia haraka ila msiipuuze. Wapo wanaochimba. Wanaamini Mjerumani alifukia mali, wananunua mashine za kutafutia chuma, wanachimba mashimo usiku, kuna wanaofukiwa na udongo wakafa. Na wapo wanaookota kwenye magofu. Tuna sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964, vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863 vinalindwa, huchimbi wala kusafirisha nje bila kibali. Sarafu za masultani wa Kilwa ziko humo. Hizi zina stori ambayo bado inanisisimua: ndogo, za shaba, jina la sultani na maneno ya vina, kabla Mreno hajafika huku. Moja imekutwa Zimbabwe Kuu. Na mwaka 1944 askari mmoja wa Australia kaokota tano kwenye kisiwa kisicho na mtu kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wanahistoria wanabishana zilifikaje huko. Ukiona kama hiyo Kilwa Kisiwani, iache palepale au mwite mhusika wa mambo ya kale. Ikishatoka mahali pake inabaki kipande cha shaba tu, hakuna atakayejua ilikuwa pamoja na nini.

Sasa wewe unayesema huna bibi mwenye kopo wala huna hela ya mnada. Una chenji. Chukua ya mia ya chuma uliyorudishiwa leo, iangalie kama hujawahi kuiona. Mwalimu Nyerere upande mmoja, swala upande wa pili. Ya mia mbili ina Karume na simba. Jero ilitoka 2014, kabla ya hapo ilikuwa noti, na wadogo zetu wa darasa la tatu hawajui kama jero iliwahi kukunjwa. Kuna siku nazo zitaondoka bila kuaga. Zile za kwanza kabisa za Benki Kuu za mwaka 1966 ziliondoka hivyo hivyo: senti 5 yenye samaki, senti 20 yenye mbuni, thumuni yenye sungura, shilingi yenye mwenge. Ukizipata nne hizo umeshakuwa na seti ya nchi yako, na hazikufilisi.

Ndugu zetu wa Kenya wanalijua hili kuliko sisi. Mwaka 2003 walitoa sarafu ya shilingi 40, miaka 40 ya uhuru, sura ya Kibaki. Watu wakazificha majumbani, na kwa wengi ndiyo ilikuwa sarafu yao ya kwanza kuamua kutoitumia. Halafu Desemba 2018 zikaja mpya, sura za marais zimeondolewa kwa sababu katiba yao ya 2010 imekataza, wakawekwa twiga, kifaru, simba na tembo. Aliyekuwa na akili siku ile alibaki na moja moja ya kila rais. Gharama yake ilikuwa thamani ya sarafu yenyewe.

Yule kijana wa bodaboda nimemuunganisha na watu wa kumsaidia kufungua kesi polisi, na wenye shughuli za udereva hapa mjini naomba mniandikie pembeni, ana leseni. Ile "rupia" yake kaniambia nisiitupe, anataka kubaki nayo. Juzi kaniuliza tena, safari hii hakuuliza bei. Ameuliza yule mtu mwenye kofia ya chuma kwenye rupia ya kweli alikuwa nani. Nimemwambia ni Wilhelm wa pili, mfalme wa mwisho wa Wajerumani, na kwamba naye alikimbia kiti chake, mwaka 1918, ila hakumfuata mwanamke.

Staa wetu, kama unasoma, na najua unasoma, ile video bado iko juu. Ifute au iandikie maelezo mapya, wala hatutakucheka.

Wengine shukeni hapo chini: sarafu yako ya kwanza uliyoamua kutoitumia ilikuwa ipi, na uliipata wapi? Wa kopo la bibi mseme na bibi alikuwa anaiitaje. Atakayeweka "sh ngapi hii" namfuta.